Albamu ya Mama Nila na Unyevu wa Mohoro

Wanangu mnaokusanya stempu hapa Kibiti, juzi mlikuja kwangu na albamu yenye jalada la maua na kingo za dhahabu, mkaniuliza, "Bibi, hii si inafaa?" Nikasema haifai. Mkanuna, mkaaga, mkaondoka kabla sijaeleza sababu, na chai nilikuwa nimeshainjika. Basi nawaandikia. Nikieleza kwa mdomo nyie mnatazama simu.

Ile mliyoleta ni albamu ya picha. Kila ukurasa una gundi iliyopakwa mistari mistari, na juu yake nailoni inayofunika. Kwa picha za harusi haina neno. Lakini stempu ni kikaratasi chembamba, kinanyonya kila kitu, na hewa yetu ya huku mnaijua: chumvi kwenye kikopo inageuka uji. Nimewahi kuona albamu kama hiyo ilivyofanya kazi yake, na mtu aliyenifundisha kila ninachojua kuhusu stempu ndiye aliyeumia. Nitawaeleza habari zake, na humohumo mtaokota ya kuokota.

Mie kwetu ni Mbwera, visiwani. Utotoni mwangu tulijua samaki, mpunga na boriti za mikoko. Barua ikija alisoma mmoja kwa niaba ya nyumba nzima, na bahasha ilikwenda kuwashia moto. Nilipopata kazi ya posta nikapangiwa Mohoro, kwenye dirisha la kuuzia stempu na kupokea vifurushi. Mkuu wangu alinitafutia chumba uani kwa mama mmoja wa Kihindi, mjane, mwenye duka la vitambaa na nyuzi. Mji mzima ulimwita Mama Nila, kwa jina la bintiye wa pekee. Mama huyo alizaliwa palepale Mohoro na Kiswahili chake kilikuwa cha palepale. Akikasirika alitia na Kindengereko.

Siku za mwanzo aliniona nikitupa bahasha jalalani.

"Weye Tatu, unatupa nini?"

"Bahasha tu mama. Barua nimeshaitoa."

"Na stempu?"

"Stempu imeshatumika, mama. Haina kazi tena."

Alinitazama kwa huruma, kisha akaenda mwenyewe jalalani na kuiokota. Akakata kipande cha bahasha chenye stempu, akakilaza kwenye sahani ya maji ya uvuguvugu, akaniambia nikae nitazame. Nikataka kuibandua, akanipiga kibao cha mkono. "Hiyo haivutwi. Itateleza yenyewe ikiwa tayari." Kweli ikateleza. Akaipindua uso chini juu ya kitambaa cha pamba, ilipokauka akaibana chini ya jora la kitambaa cha marekani. Kuanzia hapo kila mchana duka likipoa tulikaa pamoja, yeye na kibanio chake cha kushikia stempu mkononi, mie na mikono nyuma mgongoni kwa amri yake, kwa kuwa vidole vina mafuta.

Sasa kuhusu albamu. Mama Nila alikuwa nazo za aina aina. Moja ilikuwa ya zamani, imechapwa kabisa vivuli vya stempu, kila moja na mahali pake. Aliichukia. "Hii inanidai," alisema. "Kila nikiifungua inaniuliza ya Zanzibar iko wapi, ya Komoro iko wapi. Mie naweka ninachokipenda, sikai kudaiwa na karatasi." Kwa hiyo nyie mnaoanza, msikimbilie hizo zilizochapwa. Mtatumia miaka mkitafuta stempu ambazo hamkuzitamani, kwa sababu tu kuna kidirisha kitupu.

Nyingine ilikuwa ya mifuko: karatasi ngumu zenye vipande virefu vya plastiki angavu, mstari juu ya mstari, unachomeka stempu na kuihamisha upendavyo. Hiyo ndiyo ya kuanzia. Mkusanyaji mpya hubadili mawazo kila wiki, leo anapanga kwa nchi, kesho kwa wanyama, keshokutwa kwa rangi. Albamu ya mifuko inavumilia. Ila msiingiwe na tamaa ya kubanisha stempu mbilimbili mfuko mmoja. Meno ya kingoni mwa moja huingia ndani ya meno ya mwenzake, ukivuta mojawapo inabaki kibogoyo.

Ya moyo wake, lakini, ilikuwa ya karatasi huru, jalada la pete za chuma zinazoshika kurasa, na kurasa kazikata mwenyewe. Kuchagua karatasi alifanya kama anavyochagua kitambaa cha bibi harusi. Aliigusa, akaipepea, akaisikiliza. Kisha akakata kipande, akakilaza dirishani penye jua, nusu amekifunika na jiwe. Baada ya siku kadhaa akaondoa jiwe. Kama upande wa jua umegeuka njano, karatasi ile yote ilienda kufungia vifungo vya suruali. Jaribio hilo halina gharama, nanyi lifanyeni. Karatasi inayong'aa pia aliikataa, kwa sababu unyevu ukiingia hunata kwenye uso wa stempu. Alitaka nzito, isiyong'aa, rangi ya maziwa.

Kuweka stempu juu ya ukurasa kulimchukua muda kuliko kuipata. Kwanza alizipanga bila kuzibandika, akaufunika ukurasa na kitambaa, akaenda zake kuuza nyuzi. Kesho yake akarudi kuutazama kwa jicho jipya. Kama bado unampendeza, ndipo akaandika maneno machache kwa penseli, *halafu* akabandika. Mkiandika baada ya kubandika, mkono utaziburuza stempu. Kwa stempu zilizotumika alitumia vikaratasi vyembamba vilivyokunjwa katikati, nusu kwenye stempu na nusu kwenye ukurasa, ili stempu ifunguke kama mlango utazame mgongo wake. Zile mpya ambazo bado zina gundi ya posta alizitia kwenye vifuko vya plastiki safi. Na alipenda nafasi. Nilipomwambia ukurasa wake una stempu chache mno, alinijibu, "Ukialika wageni unawakalisha mapajani mwa wenzao?"

Mkuu wangu wa posta alipotuona na mambo hayo naye akapata shauku. Akabandika stempu zake zote kwa selotepu kwenye ubao, akautundika ofisini juu ya kaunta ili wageni wa mkoani wauone. Masika ikaingia. Siku wageni walipofika, stempu zikaanza kudondoka, moja ikatua ndani ya kikombe cha chai cha mgeni mkubwa, ambaye aliinywa nusu kabla hajaigundua. Mkuu akajitetea kwamba stempu ile ni ya ndege wa majini. Hakutundika tena.

Mie na Mama Nila hatukuwa na haki ya kucheka sana, maana sisi tulikubaliana kukausha kabati la albamu kwa mchele. Tuliukaanga mkavu bila mafuta, tukautia kwenye vifuko vya melimeli, kitambaa chepesi kinachopitisha hewa, tukavipanga kati ya albamu. Ulikausha vizuri. Kisha wakaja fukusi kuula mchele, na nyuma ya fukusi wakaja panya, tukahama na albamu mbio hadi chumbani kwake. Siku hizi viko vile vipakiti vya chembe za kukausha vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Viokoteni, ni vizuri kuliko mchele wetu.

Katika albamu yake kulikuwa na kurasa ambazo hakuzionyesha kwa kila mtu. Mumewe, kabla hawajaoana, alikuwa mfanyakazi wa duka Lindi, na kwa muda wote wa uchumba alimwandikia. Yule bwana alikuwa mtu nadhifu. Alimwomba karani wa posta apige muhuri pembeni, mwepesi, picha ya stempu isichafuke. Barua zenyewe zililiwa na mchwa miaka mingi kabla mie sijafika Mohoro. Stempu zilipona kwa sababu alikuwa ameshaziondoa. Alizipanga kwa mpangilio zilivyokuja, kila moja na muhuri wake wa Lindi wa duara. Alipokuwa akiwaza jambo alifungua kurasa zile.

Nila, yule binti, alikuwa ameolewa Uingereza. Safari moja alimtumia mamaye zawadi: albamu kubwa, nzito, jalada la ngozi, kurasa za gundi na nailoni. Ndugu ya hiyo yenu. Mama Nila aliizungusha duka zima, kila mteja akaiona. "Mwanangu kanunua hii kwa ajili yangu, huko aliko na baridi yote ile." Na kwa kuwa ilikuwa zawadi ya mwanawe, akataka kilicho bora kiingie humo kwanza. Akazihamisha stempu za mumewe. Mie nilimshikia nailoni akiilaza. Zilipendeza, siwezi kusema uongo. Gundi ile ingefanya nini hatukujua, wala yeye wala mie.

Mvua za mwaka ule zilikuwa nyingi, mto ukapanda hadi karibu na ua. Tulipofungua albamu baada ya mawingu kuondoka, Mama Nila alikaa chini sakafuni. Gundi ilikuwa imepenya kwenye stempu zikawa na mabaka ya njano. Nailoni ilikuwa imeshika nyuso zao, na alipoinua pembe moja, wino ukainuka nayo. Muhuri wa Lindi ulikuwa umehamia kwenye nailoni, umeganda hapo, na stempu chini yake haina kitu.

Hakulia. Alisema tu, "Nila anakuja mwezi ujao."

"Tutamweleza, mama."

"Hatumwelezi. Katoa pesa yake, katoa moyo wake. Nimwambie zawadi yako imemla babako?"

Tukaanza kuokoa. Maji hayakufaa, gundi ile haisikii maji. Mvuke ulizidisha mabaka. Yeye ndiye aliyepata njia, na ilikuwa dukani kwake siku zote: uzi wa hariri. Alichukua uzi mwembamba kuliko wote, akaukaza kati ya vidole vya mikono miwili, akaupitisha chini ya stempu, akausogeza taratibu kulia na kushoto kama anayekata sabuni. Stempu ikaachana na ukurasa. Siku ile tulipata moja, ya pili ikachanika katikati. Tuliendelea hivyo kila mchana, duka limefungwa nusu mlango, jasho linamtiririka na hataki kulifuta asije akatikisa mkono. Nyingine zilitoka nzima, nyingine zimekosa pembe, nyingine hazikutoka kabisa.

Akakata kurasa mpya. Nilimshauri azipange zile nzima, zilizochanika tuzitie kwenye bahasha.

"Mume wangu alikuwa akichechemea," alisema. "Kwenye picha ya harusi nilimsimamisha nyuma ya pazia?"

Zilizochanika akaziweka katikati. Hapo nilijifunza jambo ambalo wauzaji hawatawaambia. Watu wengi siku hizi hupenda kurasa nyeusi kwa sababu stempu hung'ara juu yake, na ni kweli, stempu nzima juu ya nyeusi ni kama pambo. Lakini nyeusi inatangaza kila jino lililokatika. Karatasi ya rangi ya maziwa inasitiri. Stempu iliyoumia, ipe karatasi itakayoisitiri.

Nila akaja. Alikuwa mrembo, mwembamba, na Kiswahili chake kimeanza kuchakaa. Aliniita dada Tatu kuanzia dakika ya kwanza. Siku ya pili akaomba kuona stempu za babake, mamaye akamletea jalada la pete. Akapekua, akatabasamu, kisha akauliza:

"Mama, na ile niliyokuletea?"

"Ipo. Nimetia picha za wanao. Nikitaka kuwaona nafungua."

Lilikuwa jibu zuri na lilikuwa la kweli. Nila akafurahi, akaenda kuileta mwenyewe. Akawatazama wanawe ukurasa kwa ukurasa. Mie nilikuwa nakoroga chai, nikaona mkono wake umesimama. Kwenye ukurasa wa nyuma, chini ya nailoni, kulikuwa na vipande vya stempu tulivyoshindwa kuvitoa, na muhuri wa Lindi peke yake.

"Mama, hii si ya baba?"

"Ya baba."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungelia."

"Na sasa nafanya nini?" alisema Nila, na machozi yanamtoka. Mamaye akaanza kucheka, akamvuta kichwa kifuani, wakawa wanalia na kucheka, mie nimesimama na kijiko mkononi sijui niingie au nitoke. Mama Nila akaninyooshea mkono wa pili.

Baadaye miguu yake ilimshinda. Nila akaja kumchukua, duka likauzwa. Asubuhi ya kuondoka alinipa kibanio chake, akapanda gari na jalada la pete mapajani, hakutaka liwekwe na mizigo. Wakati ule daraja la mtoni lilikuwa halijajengwa, gari lilivuka kwa pantoni pale Ndundu. Nikabaki Mohoro na ua mtupu. Miezi mingi nilipofunga dirisha la posta mchana miguu ilinipeleka dukani kwake yenyewe, na mwenye duka mpya akaniuliza, "Karibu dada, unahitaji nini?" Nikanunua uzi ambao sikuuhitaji.

Tuliandikiana. Yeye aliwasumbua makarani wa huko kama mumewe alivyowasumbua wa Lindi, muhuri uwe mwepesi, uwe pembeni. Mie nilipohamishiwa Kibiti nilipiga muhuri wa barua zake kwa mkono wangu mwenyewe, kwa uangalifu, twiga wa kwenye stempu asipigwe usoni. Nilikuwa nikimchagulia stempu kama mtu anavyochagua samaki sokoni. Kisha bahasha zake zikaanza kuja na kibandiko cha mashine badala ya stempu, tarakimu tupu. Halafu wajukuu wakamfundisha simu ya video. Nikawa namwona usoni wakati wowote, namsikia anavyokohoa, ananiuliza mvua imenyesha, mpunga umekubali. Nilifurahi, wanangu, msidhani nailaumu simu. Lakini simu ikikatika nilikuwa natazama kiganja changu, hakina kitu. Nilitamani bahasha moja tu, yenye vumbi la safari na mwandiko wake uliopanda mlima.

Alifariki huko. Nila alinipigia kunijulisha.

Kiangazi kilichopita Nila akaja. Sasa naye ana mvi. Alitaka kuona Mohoro, tukaenda. Mafuriko yalishabeba ukuta wa mbele wa duka, na majirani wengi walishahamia sehemu za juu. Pale uani petu palikuwa na mpunga wa mtu. Nila akaniuliza jiko lilikuwa wapi, nikamwonyesha kwa kidole, tukarudi Kibiti.

Jioni akafungua begi, akaweka jalada la pete mezani pangu.

"Dada Tatu, wanangu hawaitaki. Nimekuja kukuachia."

Niliitaka albamu ile. Niliitaka kuliko kitu chochote nilichowahi kukitaka kwa mtu. Nilifuta mikono, nikachukua kibanio, tukaifungua pamoja. Kurasa zilikuwa zilezile, penseli ileile, rangi ya maziwa haijageuka. Tulipofika kwa zile zilizochanika, Nila akauliza, "Hizi mlizitoaje?" Kumbe mamaye hakuwahi kumsimulia. Nikamweleza uzi wa hariri, nikamwonyesha kwa vidole, kulia, kushoto, jasho, mlango uliofungwa nusu. Nikamweleza siku zote zile mamaye alizokaa hivyo ili yeye asijue. Nila alisikiliza na kiganja chake kimelala juu ya ukurasa. Hata niliponyamaza hakukiondoa.

Nikaifunga albamu. Nikatoa kanga safi ya pamba, nikaifunga ndani yake, nikairudisha begini kwake.

"Dada, si nimekupa?"

"Umenipa. Nami nakupa."

Hakubisha sana. Asubuhi nilimsindikiza stendi, na mpaka basi linawashwa nilikuwa bado namwagizia: isimame, isilale, usiibane na vitabu, isikae ukuta wa nje, siku kavu uifungue upepo upite, lakini si juani. Aliitikia kwa kichwa kila neno, begi liko mapajani. Akatoa kichwa dirishani.

"Na ikipata unyevu, dada, nifanyeje?"

"Unipigie mara moja. Usiguse kitu, nipigie kwanza."

Basi likaondoka.

Hajapiga. Maana yake ni kwamba stempu ziko kavu, naye anazitunza vizuri, na mie mwalimu wake napaswa kufurahi. Nafurahi. Ila kila simu inapolia, wanangu, kabla sijaitazama, natamani kidogo ziwe zimelowa.